Baraza za mjini kati: kwa nini mji wa kale wa Lubumbashi bado unamfaa mwenye duka la rejareja

Mleta uzi

Ndugu zangu, akina yaya (wakubwa zangu) na wadogo mnaotafuta mahali pa kufungulia duka,

Mimi nauza vitenge, nyuzi, vifungo na vifaa vya cherehani. Nilianzia katika jengo la zamani lisilo mbali na Place de la Poste, nikahamia jengo jipya la vioo kwa kuamini kwamba ndiko biashara inakoelekea, kisha nikarudi nilikotoka. Kwa kuwa wengi huniuliza kwa nini nilirudi, na kwa kuwa swali hilo haliwezi kujibiwa vizuri mtu akiwa amesimama kaunta na wateja wanasubiri, nimeona niliandike hapa kwa utulivu.

Wanaousifu mji wa kale kama mahali pa biashara huanza na uzuri wa majengo yake. Mimi naanza na kivuli.

Mji wetu, hapa kusini mwa Kongo, ulianzishwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, na mwaka huohuo reli kutoka kusini ikaufikia. Mwaka uliofuata kampuni ya migodi ya Union Minière ikaanza kuyeyusha shaba kando ya mto Lubumbashi, na watu wakamiminika. Barabara zilipigwa kwa mistari iliyonyooka, zikakatana kwa pembe za mraba. Mji ulipangwa kwa mtu atembeaye kwa miguu: anashuka kwenye treni, anapita posta, anapita ofisini, anapita kanisani, na maduka yako katikati ya safari hizo. Wafanyabiashara wa mwanzo, Wagiriki, Waitaliano, Wareno, Wahindi na Wayahudi waliotoka kisiwa cha Rhodes, walijua kwamba jua la Oktoba na mvua za kuanzia Novemba zingewafukuza wateja wao mlangoni. Basi wengi wao wakasogeza paa mbele hadi juu ya njia ya watu na kulisimamisha juu ya nguzo. Wabelgiji walipotaka kuitaja sehemu hiyo ya nyumba wakachukua jina letu, baraza, na katika Kifaransa cha kikoloni likawa *barza*. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba baraza za mjini kati ni mambo ya Wazungu tu, mkumbushe kwamba hata jina lenyewe waliliazima kwetu.

Ninachokilipia kodi leo ni baraza hilo. Chumba cha ndani ningeweza kukipata popote, tena kwa bei nafuu zaidi.

Nilipohamia jengo la vioo nilikuwa na nafasi kubwa, sakafu inayong'aa na vitrini ndefu, yaani vioo vya kuonyeshea bidhaa. Sikuchukua hata msimu mmoja kuona tofauti. Kioo kilivuta joto, kwa hiyo feni zilitakiwa kuzunguka kutwa, na umeme ulipokatika ilibidi kuwasha jenereta ili mteja aweze hata kuona rangi ya kitambaa. Katika duka la zamani dari ni refu, matundu ya hewa yako juu ya milango, na mwanga wa asubuhi unatosha kumwonyesha fundi cherehani kama uzi unafanana na kitenge. Lakini joto na mafuta ya jenereta havikuniumiza kama mlango. Mlangoni mwa jengo jipya palikuwa na ngazi nne na mlinzi. Mama aliyetoka mtaa wa Katuba na furushi kichwani na mtoto mgongoni alitazama ngazi, akamtazama mlinzi, akaendelea na safari yake. Hakuna aliyemkataza kuingia. Aliona mwenyewe kwamba mahali pale hapakumsubiri. Chini ya baraza mama huyohuyo hupita sentimita chache kutoka kwenye vitenge vilivyotundikwa nguzoni, huvishika bila kuulizwa lolote, huuliza bei akiwa bado nje, na anapoingia ndani tayari amekwisha kuamua nusu ya jambo.

Kisha kuna mvua. Mvua kubwa ya Januari ikianza, mtaa mzima hukimbilia chini ya baraza. Watu husimama pale robo saa, wakati mwingine nusu saa, na mtu aliyesimama hutazama. Nimeuza vifungo, zipu na mita tatu tatu za bitambaa kwa watu ambao hawakuwa na mpango wa kununua kitu siku hiyo, na waliporudi baada ya wiki mbili walikuwa wateja wangu. Katika jengo la vioo mvua ilimaanisha duka tupu.

Jambo la pili ni shughuli nyingine za mteja. Mtu anayetoka Kipushi au Likasi hafungi safari kwa ajili ya uzi. Anakuja kushughulikia karatasi ofisini, kubadilisha dola kwa makambisti, kumwona daktari, kumtafutia mtoto sare kabla ya shule kufunguliwa Septemba, au kuhudhuria misa ya ndoa katika kanisa kuu la Watakatifu Petro na Paulo. Duka langu ni shughuli yake ya nne au ya tano, na linafaidi kwa sababu zile za kwanza ziko hatua chache tu. Supamaketi yenye maegesho makubwa pembezoni mwa mji inaweza kumvuta mwenye gari kwa ununuzi wa mwezi, na sina ugomvi na hilo, lakini haiwezi kujizungushia posta, kanisa, mahakama na miaka zaidi ya mia moja ya mazoea ya miguu.

Miji mingine ya kale inafundisha jambo hilohilo. Huko Chester, Uingereza, mji ulioanza kama ngome ya Warumi, kuna maduka yaliyopangwa katika ghorofa mbili, na ghorofa ya juu ina njia ndefu iliyoezekwa inayopita mbele ya milango yote. Njia hizo zina asili ya karne ya 13, na hadi leo watu hununua humo huku mvua ikinyesha barabarani. Kapalıçarşı ya Istanbul, iliyoanza baada ya 1453 chini ya Sultani Mehmed wa Pili, ni mitaa kadhaa iliyofunikwa paa, na wenye biashara za namna moja walikaa pamoja, masonara kwa masonara, wauza ngozi kwa wauza ngozi. Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, una vibaraza vya mawe ambako watu hukaa na kuzungumza, na duka lililo jirani na kibaraza chenye watu halikosi mpita njia.

Hata hivyo, tusijidanganye. Chester na Zanzibar hupokea wageni wengi wanaokuja kutazama ukale wenyewe, na sehemu ya mauzo hutoka mifukoni mwao. Sisi hatuna wageni wa namna hiyo kwa wingi. Anayefungua duka mjini kati akitegemea watalii wapige picha jengo mashuhuri la Bâtiment du 30 Juin halafu waingie kununua shanga atafunga mapema. Ukale wa Lubumbashi unamlipa mwenye duka kwa njia nyingine: umekwisha kumchorea njia za watu, bila yeye kuzigharamia.

Hasara nazo nizitaje. Hakuna pa kuegesha. Lori la mzigo kutoka Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kilomita 90 hivi kusini yetu, haliwezi kushusha mchana, kwa hiyo unahitaji depo mahali pengine. Waya za umeme katika majengo mengi zimechakaa na zinapaswa kubadilishwa kabla ya kuingiza bidhaa inayoshika moto kama vitambaa. Mifereji ya paa ikiziba, maji hushuka ndani ya ukuta, na utayagundua wakati robota la vitenge limekwisha kuoza upande wa nyuma.

Lakini hasara iliyonifanya niandike uzi huu inatokana na sisi wenyewe. Baadhi ya wenye nyumba wanajenga kuta kati ya nguzo za baraza ili wapate chumba kimoja zaidi cha kupangisha. Nyumba moja ikifanya hivyo, mpita njia analazimika kushuka barabarani, kwenye jua na pikipiki, kisha apande tena kwenye nyumba inayofuata. Nyumba ya pili ikifanya hivyo, hapandi tena. Anavuka upande wa pili na kuendelea. Hivyo chumba kimoja kinachoongeza kodi kidogo kinaondoa kivuli kilichokuwa kikiilisha safu nzima ya maduka, pamoja na la yule anayekipanga chumba hicho.

Kwa anayetafuta duka sasa, ushauri wangu ni huu: kabla ya kulipa garanti (amana ya mwenye nyumba), simama mbele ya jengo siku nzima ya kawaida, Jumamosi moja, siku za mwisho wa mwezi na siku ya mvua. Tazama kama watu wanapita chini ya baraza au kando yake. Kisha tembea hadi nyumba ya tatu kushoto na ya tatu kulia, uone kama njia imekatika.

Mchangiaji kutoka Kenya, komini (wilaya) ya hapahapa Lubumbashi

Mleta uzi, pokea heshima yangu. Umeandika vizuri, lakini naomba nikukumbushe jambo ambalo umelipita haraka. Mji huo unaousifu haukuchorwa kwa ajili ya watu wetu. Kati ya mji wa Wazungu na makazi ya Waafrika, kuanzia Kamalondo, paliachwa makusudi eneo tupu la kutenganisha, na usiku Mwafrika hakuruhusiwa kuwa upande wa pili bila kibali. Marehemu baba yangu aliwahi kunieleza jinsi alivyojifunza kutembea haraka mbele ya vitrini ili asiulizwe anatazama nini. Ukiniambia kwamba miguu ya watu imezoea njia hizo kwa zaidi ya miaka mia moja, nauliza ni miguu ya nani.

Pili, leo watu wako huku. Kenya, Katuba na Ruashi zimejaa, na soko la Kenya huanza kuuza kabla jua halijachomoza. Kodi ni ndogo, mteja yuko mlangoni, hahitaji kupanda basi. Kijana mwenye mtaji mdogo ukimpeleka mjini kati, garanti peke yake itammaliza kabla hajanunua bidhaa.

Mleta uzi

Papa, asante, na maneno ya marehemu baba yako nimeyapokea kwa uzito wake. Uko sahihi: niliandika kana kwamba njia zile zilikuwa za wote tangu mwanzo, na hazikuwa. Bibi yangu mzaa mama aliuza mboga kwa wafanyakazi wa kambi za mgodi, na hakuwahi kununua kitu mjini kati hadi baada ya uhuru. Pengine ndiyo sababu yule mlinzi mlangoni mwa jengo la vioo aliniudhi kuliko ngazi zenyewe. Watu walioanza kupita wapendavyo baada ya 1960 ndio walioyageuza mabaraza yale kuwa ya umma, na sipendi kuona mlango unaofanana na ule wa zamani ukirudi kwa sura mpya.

Kuhusu biashara, nadhani jibu linategemea kitu unachouza. Unga wa bukari (ugali), samaki, mafuta, sabuni, yaani vitu vinavyonunuliwa kila siku na kwa kiasi kidogo, viuzwe karibu na jiko la mteja, na hapo Kenya inashinda bila ubishi. Vitu ambavyo mtu hununua mara chache, huvilinganisha na huomba ushauri, kama kitambaa cha harusi, miwani, viatu vya kazini, vitabu au cherehani, humtaka mteja apite maduka matano kabla ya kuamua. Kwa vitu hivyo mjini kati panafaa, kwa kuwa maduka hayo matano yako chini ya paa moja refu. Kijana mwenye mtaji mdogo naye si lazima apange duka zima. Mimi mwenyewe nilianza na meza moja ndani ya duka la mtu mwingine, nikilipa sehemu ya kodi.

Mchangiaji aliye Kolwezi

Kwa nini msihamie huku? Fedha za migodi ziko huku mkoani Lualaba siku hizi.

Mleta uzi

Zipo, ndugu yangu, na baadhi ya wateja wangu wa jumla wanatoka huko. Lakini Kolwezi ilianza mwaka 1937 na imekua kwa kufuata mashimo ya madini. Mtaa unaweza kuhamishwa kwa sababu ya shaba iliyo chini yake. Mwenye duka la rejareja anahitaji kujua kwamba mtaa wake utakuwa palepale baada ya miaka kumi.

Mchangiaji, mama mwenye duka la viatu

Ndugu mleta uzi, niko katika jengo la zamani kwa mwaka wa tano sasa. Mwenye nyumba ameniambia kwa mdomo kwamba mkataba ukiisha nitoke, kwa sababu anataka kubomoa na kujenga ghorofa. Wateja wangu wote wananijua pale. Je, nina haki yoyote, au nianze tu kufungasha?

Mleta uzi

Mama, usifungashe bado. Nchi yetu ilijiunga mwaka 2012 na OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zinazotumia sheria moja za biashara, na tangu hapo mkataba wa kupanga mahali pa biashara unaongozwa na sheria yake ya biashara ya jumla, iliyopitishwa upya Desemba 2010. Nitaeleza ninachokifahamu kwa kuwa nilikipitia mwenyewe, lakini karatasi zako zipeleke kwa mwanasheria.

Mpangaji aliyeendesha biashara yake mahali hapo kwa miaka miwili au zaidi, kulingana na mkataba, ana haki ya kuomba mkataba wake ufanywe upya. Kama mkataba una tarehe ya mwisho, ombi lazima lifike kwa mwenye nyumba angalau miezi mitatu kabla ya tarehe hiyo, na haki hupotea ukichelewa. Lipeleke kwa maandishi na ubaki na uthibitisho wa kupokelewa. Maneno ya mlangoni hayahesabiwi. Mwenye nyumba anaweza kukataa, ila kwa kawaida anapaswa kukulipa fidia ya kukutoa. Akisema anabomoa ili ajenge upya, hapo anaweza asilipe fidia hiyo, lakini sheria inamtaka athibitishe kazi anayokusudia kuifanya, inakuruhusu ubaki ndani mpaka ubomoaji uanze kweli, na inakupa nafasi ya kwanza ya kupanga katika jengo jipya. Wengi hutolewa kwa kisingizio cha ghorofa, kisha chumba hupakwa rangi na kupewa mpangaji mwingine kwa bei ya juu.

Ongeza na hili. Ukarabati mkubwa, yaani kuta kuu, boriti na paa zima, ni mzigo wa mwenye nyumba. Akikataa, mahakama inaweza kukuruhusu uufanye kwa niaba yake. Nimekutana na wapangaji wengi wa majengo ya kale waliolipia paa kwa fedha zao bila hata risiti, kwa kutojua.

Na kabla ya lolote, hakikisha unayemlipa ndiye mwenye hati. Baada ya tangazo la Rais Mobutu la Novemba 1973 maduka ya wageni yalichukuliwa na kukabidhiwa watu wengine. Baadaye baadhi ya majengo yalirudishwa, mengine yakauzwa, mengine yakabaki na familia mbili zinazogombania. Omba kuona cheti cha usajili na ukilinganishe na kumbukumbu za ofisi ya hati za ardhi na majengo. Jengo la umri huu linaweza kuwa na wenyewe watatu, na kila mmoja akakutumia mtoza kodi wake.

Mchangiaji, fundi mwashi

Naomba niongeze la ufundi. Matofali mengi ya nyumba zile yalifinyangwa kwa udongo wa vichuguu vya mchwa, na ni imara sana yakibaki makavu. Kinachoyaua ni saruji. Mwenye nyumba huona ukuta wenye unyevu, anaupiga plasta nzito ya saruji, maji yanakosa pa kutokea, na baada ya misimu michache tofali linasagika kama biskuti ndani ya plasta nzuri. Anza juu: mifereji, kofia ya ukuta, mabati. Kisha tumia chokaa. Na kuta zile zinazojengwa kati ya nguzo za baraza, mleta uzi, zina ubaya mwingine ambao hukuutaja: mara nyingi hujengwa bila msingi na huegemezwa kwenye nguzo, hivyo zikititia huvuta nguzo pamoja nazo. Kuuondoa ukuta wa namna hiyo ni kazi ya siku mbili, mradi paa litegemezwe kwanza.

Mleta uzi

Fundi, umenipa hoja niliyokuwa nikiikosa. Jirani yangu wa kulia ana ukuta wa aina hiyo, na nimekuwa nikimweleza mwenye nyumba habari za wateja na kivuli, naye hunijibu kwa hesabu ya kodi ya kile chumba. Habari ya nguzo sikuwahi kuijua. Mpangaji wa chumba hicho, anayetengeneza simu, amekubali kuhamia ndani ya duka langu upande wa dirishani kwa kodi ileile anayolipa sasa, ili fedha ya mwenye nyumba isipungue hata franka. Nitamlipa mwenyewe mwenye nyumba kiasi hicho kila mwezi. Nimeomba tukutane naye Jumamosi asubuhi pale barazani. Ukipata nafasi njoo na timazi yako, umwonyeshe kwa macho yake jinsi nguzo ile ilivyoanza kulala.